Zimwi Lililofungwa Likiwa na Mtu Tumboni

Paukwa!

Pakawa!

Nani ana usingizi?

Hakuna!

Waongo wakubwa ninyi. Yule pale pembeni ya mkeka keshaanza kutikisa kichwa. Mfinyeni kidogo. Si sana! Haya, tegeni masikio, maana mimi sirudii.

Hapo kale, huko milimani, kulikuwa na kijiji kikiitwa Ndivani. Watu wa Ndivani walikuwa na bwawa la kukusanyia maji ya mfereji, wakiliita ndiva. Ndiva ikijaa inafunguliwa, na kila shamba linapata maji kwa zamu. Na kila siku mtu mmoja anakaa pale kulinda, maana pasipo mlinzi, mwenye tamaa anajifungulia peke yake, na mahindi ya wenzake yanakauka.

Basi kulikuwa na mwanamke jina lake Nakiete, na mumewe Senkondo. Nakiete alikuwa mchapakazi, na mdomo anao. Senkondo naye alikuwa mtu mwema sana, hana neno na mtu, ila usingizi! Senkondo alikuwa akilala akiwa amekaa, analala akiwa amesimama, analala huku anatafuna.

Siku moja zamu ya kulinda ndiva ikamwangukia Senkondo. Akaenda, akakaa, akalala.

Na siku hiyohiyo likashuka zimwi kutoka msituni. Jina lake Gugumiza.

Msiniulize alikuwa mkubwa kiasi gani. Alikuwa mkubwa, basi. Na mazimwi wa ukoo wake hawatafuni, wanameza tu. Asubuhi ile alikuwa amekwisha kummeza mbuzi wa Kajiru mhunzi. Akapita kwa Jumbe Mndeme, mkuu wa kijiji, akaimeza ngoma ya kijiji iliyokuwa ikianikwa juani. Akafika ndivani, akamkuta Senkondo anakoroma. Akapanua kinywa. Gubu! Akammeza na mgolole wake aliojifunika.

Mbuzi, ngoma, na mtu mzima! Tumbo likawa zito, Gugumiza akashindwa hata kugeuka. Akajilaza palepale kando ya maji, naye akalala.

Watu walipokuja kufungua maji, wakalikuta zimwi limejaa pale kama kichuguu. Jumbe Mndeme akapiga kelele, "Lifungwe! Lijengewe gereza hapohapo kabla halijaamka!"

Sasa jamani, Ndivani hawakuwahi kuwa na gereza. Mwizi wa kuku huko kwao alipewa jembe azibue mfereji siku tatu, yakaisha. Hakuna aliyejua gereza linajengwaje. Wakakata magogo, wakayasimika kulizunguka lile zimwi, gogo kwa gogo, upesiupesi. Jumbe Mndeme akasimama katikati akielekeza, "Lete hapa! Kaza pale! Ziba hapo!"

Walipomaliza wakagundua mambo mawili. La kwanza, hawakuweka mlango. La pili, Jumbe alikuwa ndani.

Ilibidi avutwe kwa kamba kupitia juu, makalio yakitangulia. Na mtu asicheke! Jumbe ni jumbe.

Nakiete hakuwa na moyo wa kucheka. Alikuwa ameona viatu vya mumewe kando ya ndiva, na fimbo ya mumewe, na mume hayupo. Akajua. Akaketi chini akaanza kulia kilio cha msiba. "Senkondo wangu! Mume wangu wee! Umeniacha na nani?"

Mara sauti ikasikika ndani ya tumbo la zimwi.

"Nakiete! Mke wangu! Mimi huku!"

Kilio kikakatika. Nakiete akashika magogo kwa mikono miwili. "Senkondo! Uko hai?"

"Niko hai! Kuna giza, kuna mbuzi, na nimekalia kitu, nadhani ni ngoma!"

Watu wakashangilia. Kajiru mhunzi akachomoa kisu chake alichokinoa mwenyewe. "Tumpasue!" Akapenyeza mkono kati ya magogo, akachoma. Kisu kikajikunja kama jani la mgomba. Ngozi ya zimwi haijui kisu.

Ndipo akasogea Mzee Kiangi, mtu wa kofia safi na maneno mengi, ajuaye mambo ya zamani. "Acheni!" akasema. "Zimwi la ukoo huu likifa, tumbo linageuka jiwe na vilivyomo vinageuka jiwe. Hakuna wa kuvitoa ila lenyewe, kwa hiari yake."

"Basi tulifanye litake," akasema Jumbe. "Lakini sikilizeni. Zimwi hili litakula gunia zima kwa siku, na ghala letu si la kuchezea. Nawapa magulio manne. Gulio la nne likifika na Senkondo yuko tumboni, tutawasha moto. Nakiete binti yangu, hapo itabidi uvae nguo za msiba."

Nakiete akahesabu kwa vidole. Gulio la Ndivani, yaani siku ya soko, lilikuwa kila siku ya saba. Hesabu ilikuwa fupi.

Basi juma la kwanza likawa la Kajiru mhunzi. Kajiru alisema, "Aliyeumiza aumizwe. Mbuzi wangu yumo mle. Nipisheni."

Akaja na rungu. Akalitia kati ya magogo, akapiga pigo la kwanza mgongoni. Gugumiza akafungua jicho moja.

Akapiga pigo la pili. Gugumiza akatabasamu.

Akapiga pigo la tatu. Gugumiza akasema, "Hapohapo, kaka! Panda juu kidogo. Miaka mingi panawasha hapo na mkono haufiki."

Lakini ndani ya tumbo, lo! Ngoma ikalia, ndu! Mbuzi akalia, mee! Na Senkondo akalia, "Jamani, mimi huku!"

"Kajiru, acha!" Nakiete akamshika mkono. "Unampiga mume wangu!"

"Shemeji, nalipiga zimwi."

"Zimwi linacheka! Anayelia ni nani?"

Kajiru akatazama rungu lake. Siku saba alipiga, na siku saba alijikuta anamkuna zimwi mgongo. Gulio la kwanza likapita.

Juma la pili likawa la Mzee Kiangi. Alisema, "Huyu hajaambiwa tu. Maneno mazuri yatamlainisha." Akaleta kigoda. Akahubiri kuanzia umande mpaka jua la utosi. Akaeleza ubaya wa kumeza. Akaeleza uzuri wa kutomeza. Akaeleza babu yake Kiangi ambaye maisha yake yote hakummeza mtu hata mmoja.

Siku ya saba Gugumiza akatoa machozi makubwa. "Nimetubu," akasema. "Nimetubu, nimetubu."

"Mmesikia?" Mzee Kiangi akainuka kwa furaha. "Amebadilika! Nilisema!" Akaingiza kichwa na mkono kati ya magogo ili ampe mkono wa heri.

Gubu! Kofia ikaenda.

Mzee Kiangi akajishika upara. "Wewe! Si umetubu?"

"Nimetubu," akasema Gugumiza, akabeua. Alikuwa amelijua neno. Maana yake hakuwa na habari nayo.

Ndani ya tumbo ngoma ikalia, ndu! Mbuzi akalia, mee! Na Senkondo akalia, "Jamani, mimi huku! Kofia ya nani hii? Imenikaa vizuri!"

Gulio la pili likapita.

Juma la tatu likawa la Jumbe Mndeme mwenyewe. "Ninyi hamjui kutawala," akasema. "Adhabu si kwa ajili ya mkosaji. Adhabu ni kwa ajili ya wanaotazama. Tuwaite watu wa vijiji vyote waje waone aibu yake, waogope."

Wakaitwa. Wakaja kwa makundi, wake kwa waume, watoto mabegani. Na mnajua watu wakienda kutazama kitu hawaendi mikono mitupu. Wakaja na ndizi. Wakamrushia Gugumiza ndizi, naye akadaka kwa kinywa, wakapiga makofi. Akatikisa tumbo, ngoma ikalia, wakacheza! Kijana mmoja wa ng'ambo ya mto alirudi kwao akisema, "Kumbe ukimeza vitu vya watu unaletewa ndizi!" Akajaribu kummeza kuku mzima. Walimpiga mgongoni hadi kuku akatoka, tena kuku mwenyewe amekasirika.

Ngoma ikalia, ndu! Mbuzi akalia, mee! Na Senkondo akalia, "Jamani, mimi huku! Ndizi zinanipiga kichwani!"

Gulio la tatu likapita. Jumbe Mndeme hakusema kitu kuhusu kuogopa. Alisema, "Kusanyeni kuni."

Sasa nirudi kwa Nakiete wangu.

Siku zote hizo Nakiete alikuwa akija na chungu cha makande, mahindi na maharage, ya mumewe. Angeyapitishia wapi? Palikuwa na njia moja tu. Anasimama mbele ya zimwi, anasema, "Panua! Hiki cha Senkondo, usikiguse!" Gugumiza anapanua, Nakiete anatupa upawa kwa upawa, na kutoka chini sauti inajibu, "Asante mke wangu! Chumvi imepungua kidogo!"

Na kila siku alikuwa akirudi nyumbani, anatandika kitanda upande mmoja, kisha anakaa anautazama ule upande wa pili. Alizoea kulalamika juu ya ule mkoromo. Sasa nyumba ilikuwa kimya na hakuweza kuvumilia ukimya wake.

Basi siku ile kuni zilipoanza kurundikwa, Nakiete alimlisha mumewe, kisha akashindwa kuondoka. Akaketi chini mbele ya magogo.

"Wewe nikufanye nini?" akamwambia Gugumiza. "Nikupige? Wamekupiga, ukafurahi. Nikuhubirie? Wamekuhubiria, ukala kofia. Nikuaibishe? Wamekuaibisha, ukanenepa. Nakuchukia! Unasikia? Nakuchukia toka moyoni!" Akaangua kilio.

Gugumiza akamtazama. "Mama, mbona maji yanakutoka?"

"Namlilia Senkondo!"

"Senkondo ndiye nani?"

Nakiete akafuta pua. Hakuamini masikio yake. "Majuma matatu namtupia chakula kwa kinywa chako, naita Senkondo, Senkondo, wewe unauliza nani? Huyo uliyemmeza!"

"Ah, yule mrefu." Gugumiza akakuna kidevu. "Ana jina? Mimi nilidhani Senkondo ni jina la chakula."

"Ana jina! Na baba yake alikuwa na jina! Kila ulichokimeza kina jina!"

"Kila kitu?" Gugumiza akashtuka kwelikweli. Akainuka akaketi. "Hakuna aliyeniambia."

Na kweli hakuna aliyemwambia. Kajiru alimwambia yeye ni mbaya. Kiangi alimwambia kumeza ni kubaya. Jumbe aliwaambia watu wengine. Lakini nani alimwambia amemmeza nani?

Basi Nakiete, kwa hasira tu, akaanza kumwambia. Akamwambia Senkondo alivyo mvivu kuamka na hodari akishaamka. Akamwambia alivyotumbukia ndivani siku ya harusi yao, akatoka na chura mfukoni.

"Usimwambie hiyo!" sauti ikatoka tumboni.

"Nitamwambia!" Nakiete akajibu. "Tena chura alirukia kwenye mapaja ya mama mkwe!"

Gugumiza akacheka mpaka ngoma ikalia. Halafu akaacha kucheka, akauliza, "Huyo ndiye niliyemmeza?"

"Huyohuyo."

Siku ile zimwi halikula ndizi hata moja.

Kesho yake Nakiete akarudi. Akamweleza tena, mpaka habari za nyumba iliyo kimya na kitanda anachokitandika upande mmoja. Katikati ya maneno upawa ukamponyoka ukabingirika ndani, kwenye kona ya mbali. Gugumiza akaushika, akaona nafasi kati ya magogo ni nyembamba kwa mkono wake. Basi akang'oa gogo moja kama mtu anavyong'oa karoti, akatoka nje, akampa Nakiete upawa wake, akarudi ndani, akalisimika gogo mahali pake.

Nakiete akabaki kinywa wazi. "Kumbe unaweza kutoka!"

"Naweza."

"Toka lini?"

"Toka siku ya kwanza. Magogo haya hayakushindiliwa udongo."

"Sasa mbona hutoki?"

Gugumiza akatazama vidole vya miguu yake. "Niende wapi, mama? Msituni hakuna anayezungumza nami. Huku ndani mrefu ananisimulia hadithi jioni. Anasimulia vizuri, ila analala katikati."

Nakiete akajikuta anasema, "Hilo nalijua." Akajikasirikia kwa kulisema.

Siku ya nne Gugumiza akauliza, "Na huyu wa mee, naye ana jina?"

"Anaitwa Shikio, maana ana sikio moja. Kajiru alimlea kwa maziwa ya chupa mama yake alipokufa. Alikuwa akikaa mlangoni pa kiwanda mpaka Kajiru amalize kazi, wanarudi wote nyumbani. Sasa Kajiru anarudi peke yake. Unadhani alikupiga kwa nini?"

Kitu kikampanda Gugumiza kifuani, hakijui. Akasema polepole, "Shikio. Nilikumeza na wewe ulikuwa unangojewa. Nisamehe."

Akashikwa na kwikwi! Shikio akatoka kinywani, akatua chini kwa miguu minne, akajitikisa, akakimbia moja kwa moja kiwandani. Walisema Kajiru siku ile aliacha chuma chake kikapoa. Alikaa chini, kamkumbatia mbuzi, mtu mzima analia kama mtoto.

Nakiete akaruka. "Umemtoa! Umefanyaje?"

"Sijui! Niliumwa hapa." Gugumiza akagusa kifua. "Kisha nikamwita."

Siku ya tano akamwambia habari za ngoma, kwamba inaitwa Mkusanya, na kwamba toka ilipomezwa, mtoto mmoja alizaliwa Ndivani na hakupigiwa. Gugumiza akainamisha kichwa. "Mkusanya. Na mtoto ambaye sikumjua. Nisameheni." Akashikwa na kwikwi! Ngoma ikatoka ikibingirika.

Nakiete akashika kichwa kwa furaha. "Sasa Senkondo! Mwite! Jina unalo!"

Gugumiza akafungua kinywa. Akakifunga.

"Mama," akasema, "zile kuni ni za nini?"

Nakiete akageuka. Lundo lilikuwa limefika kimo cha nyumba.

"Nikimtoa mrefu," Gugumiza akasema, "sitakuwa tena na mtu tumboni wa kuwazuia. Mtanichoma?"

Hapo sasa, wajukuu zangu! Uongo mdogo tu ulihitajika. Hapana, hatutakuchoma, basi, mume anatoka. Nakiete alikuwa nao ulimini. Aliusikia mpaka utamu wake. Mume wake alikuwa hatua tatu mbele yake, nyuma ya ngozi ya tumbo tu.

Lakini alimtazama yule aliyekuwa akimfundisha kuwa watu ni watu, akaona hawezi kumfundisha hilo kwa kumdanganya.

"Sijui," akasema. "Jumbe anataka. Wengine nao wanataka. Mimi sitawasha, na nitasema. Watanisikia au hawatanisikia, sijui. Hilo ndilo ninalolijua."

"Niache nifikiri," akasema Gugumiza.

Nakiete akarudi nyumbani akijitukana njia nzima. "Mjinga mimi! Mjinga mkubwa! Mke gani huyu?" Siku ya sita Gugumiza alipanua kinywa kwa ajili ya makande tu, akasema bado anafikiri.

Siku ya saba, gulio la nne. Kijiji kizima kikaja ndivani. Jumbe Mndeme akashika kijinga cha moto.

"Nakiete binti yangu, pole," akasema. "Magulio manne yametimia."

"Baba Jumbe, amewatoa wawili! Bado kidogo tu! Anajifunza!"

"Siku za kujifunza zimekwisha. Lirundikieni kuni."

Mara gogo likang'oka. Watu wote, tawanyika! Jumbe naye akakimbia na kijinga chake, akajificha nyuma ya mama mmoja mwembamba asiyeficha chochote. Gugumiza akatoka gerezani, akanyoosha mgongo. Upande wa kushoto ulikuwa msitu, njia nyeupe, hakuna wa kumzuia. Nakiete akaona macho yake yanatazama msitu. Akaona mumewe anaondoka.

Gugumiza akageuka akaja mbele yake, akapiga magoti, ardhi ikatetemeka.

"Senkondo," akaita. "Mume wa Nakiete. Uliyetumbukia majini siku ya harusi. Unayelala katikati ya hadithi. Unangojewa na mtu mwenye kitanda cha upande mmoja. Nilikumeza sikukujua. Sasa nakujua, na kukaa nawe ni kutamu, lakini wewe si wangu. Nisamehe. Toka."

Akashikwa na kwikwi! Senkondo akatoka, ana kofia ya Mzee Kiangi kichwani, ndizi mkononi, anapepesa macho kwa mwanga. Nakiete akamrukia shingoni. Akambusu, akampiga kibao begani, akambusu tena. "Umekonda! Unanuka! Nilijua utalala zamu!"

Watu wakapiga vigelegele. Lakini Jumbe Mndeme akatoka mafichoni. "Vizuri. Mtu wetu tumempata. Sasa lichomeni."

Gugumiza hakuondoka pale alipopiga magoti.

"Kwa nini tumchome?" akauliza Senkondo.

"Kwa kuwa amekumeza!"

"Mimi ndiye niliyemezwa, Jumbe, na mimi sitaki. Ukimchoma utakuwa unamlipia nani? Kajiru, wewe unataka?"

Kajiru akamshika Shikio sikio lake moja. "Mimi nilitaka sana," akasema. "Nilipokuwa sina mbuzi. Sasa nataka asimeze tena, basi."

"Kwa hiyo anaondoka hivihivi?" Jumbe akapaza sauti. "Na adhabu iko wapi? Mtu anameza watu, anasema nisamehe, tunampungia mkono?"

"Aondoke aende wapi?" akasema Senkondo. "Abaki. Azibue mfereji kama mwizi yeyote wa hapa. Na zamu ya ndiva alinde yeye, kila siku, mpaka tuchoke kumwona. Mnamjua mwizi wa maji atakayethubutu?"

Watu wakatazamana. Kwa kweli hawakumjua.

Ndipo Nakiete akasema, "Ngojeni. Mimi je?"

Wote wakamgeukia.

"Mbuzi ameombwa radhi. Ngoma imeombwa radhi. Mume wangu ameombwa radhi. Mimi niliyelia majuma manne, nikapika kwa kutupa chakula kinywani mwa adui yangu, nani ameniomba?"

Gugumiza akamgeukia. Safari hii ilikuwa kazi ngumu zaidi, maana huyu hakuwa tumboni mwake, asingetoka kwa kwikwi. "Nakiete," akasema. "Nilikuachia nyumba kimya. Nisamehe."

Watu wakangoja. Mzee Kiangi tayari alikuwa ameinua mikono ashangilie.

"Sijakusamehe," akasema Nakiete.

Mikono ya Mzee Kiangi ikashuka.

"Sitaki uchomwe. Lakini sijakusamehe, na sitasema uongo leo, maana sikuusema hata nilipouhitaji. Nikikutazama bado naona viatu vitupu. Fanya kazi. Kila asubuhi niletee maji mlangoni. Siku nikikusamehe, utajua."

Jumbe Mndeme akatazama kijinga chake. Kilikuwa kimezimika kitambo.

Basi Gugumiza akabaki. Akazibua mfereji, maji yakafika mashamba ambayo hayajawahi kuyaona. Na adhabu aliyokuwa akiitafuta Jumbe, ilikuja yenyewe. Toka siku ile Gugumiza hakuweza kumeza kitu bila kuuliza, "Huyu ni nani?" Anaona kuku, tumbo linanguruma, anauliza, "Huyu ni nani?" Watoto wanamjibu, "Huyo Mama Kishungi, ana vifaranga tisa." Gugumiza anageuka anakwenda zake na njaa yake. Akabakiwa na viazi, tena alivila kwa haraka huku ameziba masikio, mtu asije akamtajia jina lao.

Kila asubuhi alimletea Nakiete maji. Anatua mtungi mlangoni. Nakiete anasema, "Weka hapo." Hasemi lingine. Masika yakapita. Kiangazi kikapita. "Weka hapo." Masika yakaja tena.

Siku moja mvua kubwa ilibomoa ukingo wa ndiva, na Gugumiza alikesha akiuzuia kwa mgongo wake. Asubuhi akachelewa. Jua likapanda, hajaja. Alipofika, matope mpaka masikioni, akamkuta Nakiete kasimama njiani, mkono kiunoni, uso umemkunjamana.

"Ulikuwa wapi?" Nakiete akamfokea. "Nimekaa nangoja, naenda naangalia barabarani, narudi! Mtu hatoi hata habari! Nimeshafikiri umeanguka mtoni! Ingia ndani, uji unapoa!"

Gugumiza akasimama na mtungi begani. Akaelewa. Machozi yakamtoka, safari hii yale ya kweli.

"Na ufute miguu!" akasema Nakiete.

Hadithi yangu imefikia hapo, na hapo ndipo ninapoitua, mgongo unaniuma.

Funzo lake ni hili. Mtu akidhuru wenzake, mkamate, mzuie asidhuru tena, wala usijidanganye kwamba maumivu yake yatakurudishia chako. Mwonyeshe aliyemkosea, na mpe kazi ya kutengeneza alichokibomoa. Na aliyekosewa asilazimishwe kusamehe haraka ili wengine wakalale.

Haya, nendeni mkalale ninyi. Na yule wa pembeni ya mkeka mbebeni, kesho mtamsimulia mwisho.